Bomba la Mafuta la Katekista

Ndugu walionuniana hufunga walichofungua. Mmemsikia bibi yenu akiwaambia hivyo jikoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka kwenye pikipiki.

Kijijini kwetu, upande wa Songea, alikuwapo katekista aliyeitwa mzee Alkuini Mapunda. Alizungukia vigango vyake vyote kwa kipikipiki chepesi cha zamani. Alipofariki, kuku walikuwa wameshakigeuza kiota. Mjane wake, Bi Otilia, akawaambia wanawe wawili, Zenobi na Fausti, "Siku ya misa ya kumbukumbu ya baba yenu nataka nifike kanisani juu ya kile kipikipiki. Ndicho kilichonileta hapa bibi harusi."

Sasa, wale ndugu hawakuwa wakisemezana. Walikosana mazishini, eti nani abebe msalaba. Watu wazima, wana ndevu! Basi wakakifufua palepale uani, Zenobi asubuhi, Fausti jioni, bila hata salamu. Mmoja alisugua kutu kwa msasa, mwingine akasafisha kabureta na kubadili plagi. Bomba la kufungulia mafuta, lile la chini ya tangi, lilikuwa limekatika mkono, limebaki kishina cha kuzungushwa kwa koleo: zungusha mara moja, linafunguka; zungusha tena, linafungika. Ukikitazama, hujui limefunguliwa au limefungwa. Hata hivyo, mkesha wa misa kikawaka, kisha mafuta yakafungwa kama marehemu alivyowafundisha.

Asubuhi Bi Otilia akapanda nyuma, amevaa kitenge kipya. Zenobi akapiga kiki. Kikakohoa, kikazimika. Akapiga tena, kimya. Fausti akafungua plagi, cheche ipo. Tangi limejaa. Wakatazamana, kisha wakakumbuka kwamba hawatazamani. Sisi majirani tuliokuja kumsindikiza tulichanganyikiwa kabisa, na mmoja akanong'ona kwamba marehemu hataki. Kengele ikalia. Machozi yakamlengalenga Bi Otilia.

"Zenobi," akasema, "leo umefanya nini kwenye hiki kipikipiki?"

"Nimefungua mafuta, mama."

"Na wewe, Fausti?"

"Nami nimefungua. Nilidhani hajafungua."

"Si ungemwuliza?"

Bi Otilia akafunga mikono kifuani.

"Basi semezaneni sasa hivi. La sivyo sishuki hapa, na misa iishe."

Fausti akanyoosha mkono. "Kaka, naomba koleo."

"Shika, mdogo wangu."

Akazungusha kile kishina. Wakasubiri kidogo, Zenobi akapiga kiki, uani kukajaa moshi na vigelegele. Kwenye mlima wa kanisani kipikipiki kikazidiwa, ikabidi Zenobi aendeshe na Fausti asukume, suti yake yote ikinuka moshi. Walifika somo la kwanza linasomwa. Mlangoni Bi Otilia akashuka, analia na kucheka, akawashika wanawe mikono, akawaambia maneno tunayowaambia ninyi leo:

Ndugu walionuniana hufunga walichofungua.