Seremala Aliyekatazwa Kuuliza

Hapo zamani, babu zetu hawajawa babu wa mtu, palikuwa na seremala katika mji wa Pambaja, jina lake Shekue. Hakuwa na bwana wala karakana. Aliitwa huku na huku, akimaliza kwa huyu huenda kwa yule. Naye alikuwa na desturi iliyowachekesha watu. Mteja mpya akija, Shekue hagusi tezo. Humketisha kwanza mkekani, akamuuliza chombo ni cha nini, atakitumia nani, kinatakiwa lini, na nani mwenye neno la mwisho nyumbani. Wengine walichoka wakaenda zao. Mkewe, Mwanaheri, akisema, "Mume wangu, wewe kitanda hukitengenezi, unakiposa kama mwali!" Na chungu chao mara nyingi kilishinda kifudifudi.

Basi ikawa Sultani Darweshi wa mji ule ataka kiti kipya cha enzi. Mafundi watatu walikwisha kumtengenezea, na wote walikuwa gerezani. Kiti cha kwanza kilimning'iniza miguu, cha pili kilimbana, na cha tatu kilimpendeza mno, hata mama yake alipokitazama akasema chafanana na jeneza.

Akaitwa Shekue. Akapiga magoti, akaanza, "Bwana wangu, kiti hiki ni cha..."

"Nyamaza!" akasema Sultani. "Mafundi wa siku hizi maswali tu! Fundi hodari huutambua moyo wa bwana wake. Nataka kiti kitakachonipendeza. Ukiniuliza hata neno moja, utawafuata wenzio. Na kisiponipendeza, utawafuata vilevile."

"Hekima hiyo, Maulana!" wakaitikia mawaziri.

Shekue akarudi nyumbani amenywea, akamsimulia mkewe. Mwanaheri akawaza, kisha akasema, "Kuuliza amekukataza. Je, na kusema amekukataza?"

Shekue akamtazama, akaanza kucheka.

Asubuhi akaenda barazani. "Bwana wangu, sikuja kuuliza, nimekuja kuarifu. Kiti nakifanya kifupi kama mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa mji mzima wajua miguu ya Sultani ni mifupi."

Mtumishi mmoja akaangusha buli.

"Mifupi!" Sultani akaruka, akanyoosha mguu. "Pima! Pima, wote waone!"

Shekue akapima toka goti hadi kisigino, na kwa kuwa Sultani alikuwa amekwisha simama kwa ghadhabu, akampima na nyonga.

Kesho yake akarudi. "Bwana wangu, mgongo wa kiti nimeulaza, maana husemwa Sultani husinzia watu wakimlilia haki."

"Mwongo aliyesema! Mimi hukaa wima kama mlingoti, mpaka kiuno chaniuma! Unyooshe, utie na mto!"

"Nimesikia. Wala sifanyi haraka, hata mwakani kitafaa."

"Mwakani? Na wageni wangu wa Idi watanikuta nimekalia nini?"

Likabaki neno moja, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Akaligeukia pazia la barazani, ambalo nyuma yake huketi mama wa Sultani, akasema, "Na nakshi nitamwomba Mama Mkuu achague, kwa kuwa watu husema hapa Sultani ni mkalia kiti, mwenye neno yuko nyuma ya pazia."

Pazia likakohoa. Sultani akapiga ngumi. "Neno ni langu! Nataka maua ya asumini, na nikisha kukubali nimekubali, hakuna wa kutia neno lake! Mawaziri, nyote ni mashahidi!"

Idi ikafika, kiti kikaletwa. Sultani akakaa, nyayo zikatua sakafuni, kiuno kikapumua, akatabasamu.

"Mwanangu," ikatoka sauti paziani, "hayo maua..."

"Nimekwisha kubali, mama." Kisha akawageukia wageni. "Mwaona? Hakuniuliza hata neno! Fundi hodari huutambua moyo wa bwana wake."

"Hekima hiyo, Maulana!"

Shekue angeweza kunyamaza akaenda zake. Lakini aliwakumbuka walio gerezani. "Bwana wangu," akasema, "wale wenzangu watatu nao walikatazwa kuuliza, ndiyo maana wamefungwa. Mimi moyo wako sikuutambua. Wewe mwenyewe umeniambia yote, kila nilipokutukana."

Mawaziri wakatazama chini. Sultani akakumbuka mguu, akakumbuka usingizi, akakumbuka pazia. Shekue akaanza kusoma shahada kimoyomoyo. Mara Sultani akaangua kicheko, akacheka hata kilemba kikamwangukia magotini, na nyuma ya pazia mama naye akacheka.

Siku ile ile mafundi watatu wakafunguliwa, na Shekue akapewa karakana yenye ua mpana. Alipokuwa akiaga, Sultani akamwita tena. "Ngoja. Nataka na mlango mpya wa kasri."

Shekue akafungua kinywa kusema. Sultani akainua mikono yote miwili.

"Uliza, fundi! Uliza utakalo, kabla hujaanza kunitukana!"