Jina la Mtoto wa Semvua

Hapo zamani, enzi ambazo ugomvi wa watu wawili uliweza kuvuka bahari na kumkuta wa tatu amejilalia kwake, palikuwa na nchi ya milimani iitwayo Ulinga. Watu wa Ulinga walilima viazi na maharage, na walipenda ngoma kuliko usingizi. Bahari hawakuwahi kuiona. Waliisikia tu kwa wachuuzi wa chumvi.

Siku moja mfalme wao, Mwekambi, alipata mgeni kutoka ng'ambo. Mgeni akala, akashiba, akasema, "Bwana wangu anapigana na watu wa kisiwa fulani. Anaomba msaada." Mwekambi naye alikuwa ameshashiba. Akajibu, "Mwambie nitampa vijana." Basi, hayo tu. Yeye akaenda kulala, na vijana wakaanza kukusanywa.

Nchini humo kijana hakupelekwa vitani mpaka ngoma kuu ipigwe mdundo wa vita mbele ya nyumba ya mfalme. Mpigaji alikuwa Kangero, kama baba yake kabla yake. Kangero akapiga, na kundi la kwanza likashuka mlima. Humo alikuwamo Sekibo, mwana pekee wa Namkunda, mjane mfinyanzi wa vyungu. Alikuwamo pia Mbazi, kijana wa maneno mengi, ambaye hata kuitwa hakungoja. Alijitolea.

Mbazi alirudi kwa mguu mmoja na gongo. Sekibo hakurudi.

Mfalme akamvika Mbazi joho jekundu, akampa shamba la bondeni na ng'ombe wa maziwa. Akamwambia, "Nenda sokoni ukawaambie watu jinsi vita vilivyo vitamu. Nataka kundi la pili."

Mbazi akaenda sokoni, akapanda juu ya gogo, akaanza:

"Ndugu zangu, nimetumwa niwaambie vita ni vitamu. Mimi nitawaambia nilichokiona. Tulifika kisiwani tukakuta watu wanachimba viazi, kama sisi. Mzee mmoja akaniuliza kwa mikono: nimekukosea nini? Tukaamriwa tupige, nikapiga. Sekibo alikuwa kando yangu. Yeye alitupa bunduki, akamshika yule mzee mkono ili amtoe pale. Wakaanguka wote wawili."

Kabla jua halijatua Mbazi alikuwa hana joho, hana shamba, hana ng'ombe. Lakini maneno yake yalikuwa yameshafika kila kilima.

Hata hivyo mfalme hakurudi nyuma. Kila nyumba ilitakiwa kutoa kijana. Miongoni mwao alikuwa Semvua, ambaye mkewe Nakiete alikuwa na mimba changa. Wakafungiwa katika boma kando ya uwanja, wakingoja ngoma.

Asubuhi yake Namkunda akajitwika chungu chake kikubwa kuliko vyote. Akakiteleka katikati ya uwanja, mbele ya mlango wa mfalme, akawasha moto, akatia maharage.

Askari akamjia. "Mama, hapa si jikoni!"

"Najua, baba. Nampikia mwanangu. Aliyemchukua anakaa humo ndani, nami nitapika hapa mpaka aniambie alimchukua kwa ugomvi gani."

Wanawake wengine waliposikia, wakaja na vyungu vyao. Uwanja ukajaa moshi, na moshi ukajaa nyimbo. Waliimba:

"Mfalme, adui yako anaitwa nani?
Tumwalike naye ale maharage!"

Mfalme akawa anakohoa ndani. Akamgeukia waziri wake. "Kwani huyo adui anaitwa nani?"

"Mtukufu, nilidhani wewe ndiye unayemjua."

Mfalme akaamuru vyungu vipinduliwe. Askari wakapindua. Mchuzi wa moto ukamwagikia mkono wa Namkunda, nao mkono ukababuka mpaka kiwikoni. Wanawake wakalia. Namkunda akaufunga mkono kwa kanga yake, akasimamisha chungu, akasema, "Nani ana maharage yaliyobaki?" Wakaanza upya. Jioni askari wenyewe walikuwa wamechuchumaa wanakula, maana wapishi walikuwa mama zao.

Mfalme akaona mambo yanamponyoka. Kesho yake akamwita Kangero. "Piga mdundo wa vita sasa hivi. Ukipiga mwingine, nakukata mikono yote miwili."

Vijana wakatolewa bomani, wakapangwa mstari. Kangero akapanda jukwaani. Akawatazama vijana. Akamtazama Namkunda na mkono wake uliofungwa. Kisha akapiga.

Akapiga mdundo wa harusi!

Ulinga nzima hapakuwa na mguu usioujua mdundo ule. Bega la Semvua likaanza kutikisika, kisha la pili, mara akatoka kwenye mstari anacheza. Mstari wote ukamfuata. Wanawake wakapiga vigelegele na miiko mikononi. Askari wakatupa mikuki, maana mkuki unamzuia mtu kucheza vizuri. Mbazi akaingia katikati, gongo lake likigonga ardhi sawasawa na ngoma.

Mfalme akatoka mbio. "Mkamateni!" Akageuka kulia, akageuka kushoto. Hakuna wa kumtuma. Kisha akamwona mama yake mzazi, ajuza wa kutembezwa kwa kushikwa mkono, anatoka mlangoni akitikisa mabega.

"Mama, hata wewe?"

"Niache, mwanangu. Tangu harusi yako sijacheza."

Mwekambi akaketi kizingitini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wengine walisema alikuwa analia. Mwishowe akasema, "Nendeni makwenu. Yule mgeni akija, nitamwambia nimekosa watu wa kumpa."

Ndivyo Semvua alivyorudi kwa mkewe. Nakiete akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti. Siku ya kumpa jina nchi nzima ilikuja, na pombe ya ndizi ikaja nayo. Huko mtoto hupewa jina moja tu, la mtu ambaye nyumba ile inamshukuru kuliko wote, na likishatamkwa halibadilishwi.

Semvua akauliza, "Tumwite nani?"

Mbazi akasimama kwa gongo lake. "Mwiteni Mbazi. Nisingesema ukweli, nani angejua? Mngewapeleka wana wenu huku mnashangilia, kama mlivyonipeleka mimi. Kwa maneno yale nilipoteza shamba na ng'ombe, na sasa nalima shamba la kuazima."

Kangero akasema, "Mwiteni Kangero. Ukweli mliujua, vyungu mliviteleka, na bado vijana walikuwa kwenye mstari. Bila mikono hii Semvua angekuwa kisiwani leo."

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyotupeleka sisi wa kwanza!" akasema Mbazi.

"Na wewe ulitangulia kabla sijaigusa ngoma," akajibu Kangero. "Ulitaka sana kwenda."

Watu wakacheka. Wao wawili pia wakacheka, wakaketi pamoja kwenye mkeka mmoja, lakini hakuna aliyeliondoa jina lake.

Nakiete akamgeukia Namkunda, akamwambia, "Mama, sema na wewe. Kama si wewe, uwanja ungekuwa mtupu, na Kangero angewachezesha nani?"

Namkunda akasema, "Jina langu ni la kike, halimfai. Wala mwanangu Sekibo hakumwokoa Semvua. Aliyetaka kumwokoa alikuwa mzee asiyemjua jina, na hata huyo hakuweza. Lakini nilipika kwa sababu ya Sekibo. Kama mnaona inafaa, nataka nimwite mtu jina hilo tena, aitike."

Mbazi akainamisha kichwa. Kangero akainua mkono kana kwamba atasema neno, akauteremsha.

Nakiete akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama mtoto. Mtoto akapiga chafya, watu wakaangua kicheko, na bibi yake, mama wa Semvua, akamwinua juu mbele ya wote, tayari kulitamka jina.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Bibi anangoja. Je, mtoto aitwe Mbazi, aitwe Kangero, au aitwe Sekibo?