Fungo Alivyourithi Mti wa Chiriku

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa wapi?"
"Penye maporomoko, maji yanaponguruma ngurumu-ngurumu!"

Hapo walikaa chiriku, waimbaji, na vyura wadogo kama kucha ya kidole. Kisha akaja Fungo, mnyama wa madoa, tumbo kama debe.

Chiriku akiimba tirii-tirii, Fungo husema, "Mashallah, sauti hiyo! Sogea nisikie vizuri." Chiriku husogea. Kwap! Husogea mwingine. Kwap! Hata chiriku wakaisha.

Vyura nao walibaki watatu: Bi Chura, mumewe, na mama mkwe asiyeridhika na lolote.

Asubuhi moja Fungo akambana Bi Chura jiweni.

"Shikamoo, babu," akasema Bi Chura.

"Marahaba. Jana nilimla chiriku wa mwisho. Leo nataka kujua nani mtamu zaidi, yeye au wewe."

"Babu, hatulinganishwi! Yeye marehemu, mimi mahututi. Mahututi hungojewa, marehemu hurithiwa. Na aliyemla wa mwisho si ndiye mrithi?"

Masikio ya Fungo yakasimama. "Kwani kaacha nini?"

"Mti mzima ule, na matunda yake, na panzi wake. Ila matanga yana utaratibu. Mrithi hukaa pale alipokaa marehemu, akaimba wimbo wake mara tatu mbele ya wafiwa. Wafiwa ni sisi. Ukitula, nani atakushuhudia?"

Fungo akapanda mti ule, ulioinamia maporomoko.

"Krrraa!" akaimba. Tawi likalia kwee.

"Mbele kidogo, mrithi!" akasema Bi Chura.

"Krrraa!" Tawi likalia kwee-kwee.

"Huyu naye!" akafoka mama mkwe. "Marehemu alikaa nchani kabisa. Au huutaki urithi?"

Fungo akasogea nchani. "Krrr..."

Kacha! Chubwi! Maji yakamchukua na urithi wake wa kijiti kimoja.

Bi Chura alitubu uongo wake siku hiyo hiyo. Kesho yake akatubu tena, maana alikuwa bado anacheka. Kisha akautazama ule mti. Panzi walirukaruka wapendavyo, na hakuna aliyeimba.

Ngano yangu imeteleza, imeangukia kwenu. Mafunzo ni haya: ukiitwa matangani, nenda, na ukiambiwa ukae nchani, usiwe mbishi. Na mama mkwe mheshimuni, hata akiwa na haki.

"Mmesikia?"
"Tumesikia!"
"Basi rudisheni vigoda."