Nyati Aliyeosha Mizizi

— Ngano inabisha hodi!

— Ifungulieni, ikae!

— Na kama ina pembe?

— Iziache mlangoni!

Hapo kale Bi Fuko aliishi na wanawe chini ya mteremko mtupu. Masika yaliyopita udongo uliporomoka, maji yakaingia nyumbani, na Bi Fuko akawatoa watoto mmoja mmoja kwa meno. Akaapa: kabla ya masika mengine, mteremko ule utakuwa na miti.

Basi akaotesha migunga. Viriba vyake vya kuoteshea miche vilikuwa maganda ya mgomba. Kila kiriba alikitia mbegu, na juu ya mbegu akatia udongo kidogo, aliokuwa ameubeba mdomoni kutoka chini ya mgunga mkongwe. Fuko haoni vizuri, lakini ananusa. Alinusa kwamba udongo ule una wenyewe: vijidudu visivyoonekana, vinavyokaa mizizini na kuulisha mti. Kwaru kwaru, akachimba. Kwaru kwaru, akabeba. Miche ikachipua minene, kijani kibichi.

Ndipo akaja Nyati. Ti! Ti! Ti!

"We Fuko! Miche hii ya nani?"

"Yangu, mjomba."

"Ilikuwa yako. Nataka kivuli kando ya dimbwi langu. Cha juu ya ardhi ni changu, hujui?"

Bi Fuko akakohoa kidogo. Angemzuiaje? Sikio la Nyati peke yake lilikuwa zito kuliko yeye.

"Najua, mjomba. Chukua yote. Ila huo udongo niachie mimi. Mtu mkubwa kama wewe, utembee na uchafu?"

"Kweli!" Nyati akaikung'uta miche, puku puku puku. Akapita mtoni, akaosha mizizi hadi ikang'aa. Kisha akaipanda kando ya dimbwi, kwenye udongo mgumu usioota hata nyasi. Miche haikufa, lakini iligeuka njano, ikainamisha vichwa kama wagonjwa wanaosubiri dawa.

Bi Fuko akaurudisha udongo wake kwenye viriba, akatia mbegu nyingine. Miche ikatoka minene kuliko ya kwanza.

Ti! Ti! Ti!

"Umeniroga!"

"Sikukuroga, mjomba. Umewaosha."

"Nimewaosha kina nani?"

"Wapishi. Wanakaa mizizini, wanaupikia mti."

Nyati akainama, akakodoa macho. "Siwaoni. Wana pembe?"

"Hawana. Hata macho hawana."

"Sasa wataniogopaje?"

"Hapo ndipo penye kazi," akasema Bi Fuko kwa huzuni. "Tena wana kiburi, mjomba! Chini dimbwini hawaendi ng'o. Wanataka wapelekwe juu, pale mteremkoni, wakatazame watu. Lakini nani ana nguvu za kuwabeba?"

"Unauliza nani, na mimi nimesimama hapa?"

Nyati akabeba viriba mgongoni. Akachimba mashimo kwa pembe, akapanda, akahema. Bi Fuko alikuwa chini akielekeza: "Kushoto kidogo, mjomba. Usiwakung'ute. Hapo hapo!"

Migunga ikakua upesi, kama ilivyo desturi ya miti ya kwenye ngano. Masika yakaja. Maji yakashuka kwa vishindo, yakakutana na mizizi, yakaomba njia, yakapita polepole. Watoto wa Fuko wakalala wakavu.

Nyati sasa hulala kule mteremkoni, kivulini, na kila apitaye humsimulia jinsi alivyowashinda wapishi wasioonekana na kuwapeleka mlimani kwa nguvu. Bi Fuko hambishii. Jioni hutoka shimoni, akamkuna nyuma ya sikio, pale ambapo pembe haifiki.

Basi, wanangu, funzo ni hili: mwenye nguvu hushinda siku zote. Kama hamniamini, muulizeni Nyati.

— Ngano yangu naifukia hapa!

— Na atakayeikanyaga?

— Asioshe miguu!