Kamba ya Bi Pimbi

Paukwa!

—Pakawa!

Nyie wa nyuma hamjala leo? Sijawasikia. Paukwa!

—Pakawa!

Haya, sasa mko nami. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na kijiji chao na shamba lao moja la mtama. Mtama ulipokomaa walijenga dungu refu katikati ya shamba, na kila mmoja akapanda kwa zamu kuamia ndege wasile mtama. Desturi yao ilikuwa hii: aliyeshika zamu ndiye aliyeketi kwenye karamu ya mavuno.

Bi Pimbi alikuwa haoni. Enzi za ujana wake nyoka swila alimtemea mate ya sumu machoni. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kali ya kupasua masikio, lakini hakupewa zamu, na kila mwaka aliletewa ugali wake nyumbani. Alikula peke yake akiwasikia wenzake wakicheka.

Mwaka huo akamwendea Mzee Ngiri, mkuu wa kijiji.

"Mzee wangu, nami nipe zamu."

"Dada yangu, utaamiaje ndege usiowaona? Pumzika, tutakuletea ugali."

Akaenda mara ya pili.

"Mzee wangu, nami nipe zamu. Nifungieni kamba tu, kutoka mlangoni kwangu hadi dunguni. Nitaishika, nitafika."

"Kamba yote hiyo kwa mtu mmoja? Pumzika, tutakuletea ugali."

Akaenda mara ya tatu, na safari hii amekasirika kweli kweli.

"Mzee Ngiri, ugali wenu mtamu, lakini nimechoka kuula na ukuta! Nataka kukaa na wenzangu."

Kobe, aliyekuwa amekaa hapo, akasema, "Kamba nitaisokota mimi."

Akaisokota siku tatu, na Kobe mnamjua kwa haraka zake! Akaifunga mti kwa mti mpaka dunguni.

"Haya, zamu moja tu," Ngiri akanung'unika. "Tuone."

Asubuhi ya zamu ukashuka ukungu mzito, hata pua yako huioni. Bi Pimbi akashika kamba, huyoo, mpaka juu ya dungu. Ngiri akamfuata ili amwone akishindwa. Kamba akaidharau, akapotelea mtamani.

Ndege kwelea wakaja. Vurrr! upande wa mto. Bi Pimbi akasikia, akapiga ukelele. Vurrr! upande wa kilima. Akapiga ukelele. Vurrr! juu ya kichwa chake. Akapiga ukelele mmoja, kwelea wakahama nchi.

Mara akasikia sauti ndogo kutoka mtamani.

"Dada Pimbi... ile kamba iko wapi?"

"Pumzika, Mzee wangu," akajibu, "nitakuletea ugali!"

Akacheka mpaka dungu likatikisika. Kisha akashuka, akamshika mkono, akamwongoza kwa kamba hadi nyumbani.

Siku ya karamu Bi Pimbi aliketi katikati ya wenzake, akala, akapiga soga mpaka sufuria zikaoshwa. Mzee Ngiri akatangaza kamba nyingine ifungwe hadi kisimani. Kobe naye akaomba vidato vya ngazi ya dungu visogezwe karibu karibu ili miguu yake mifupi ivifikie, vikasogezwa.

Basi, wanangu, mwenzenu asiyeona au asiyetembea msimpelekee ugali mkadhani mmemaliza. Muulizeni anahitaji nini ili afike. Na hata kama Bi Pimbi asingemfukuza kwelea hata mmoja, mahali pake karamuni palikuwa pake.

Hadithi yangu nimeifunga kwenye kamba hiyo. Anayetaka kurudi nyumbani na aishike.