Kijiti cha Mfereji wa Kidoma

“Kijiti husema ya pale kilipochomekwa.” Mmeisikia kwenye mkutano wa wakulima, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Wakulima wa vitunguu wa Kidoma waligawana maji ya mfereji mmoja. Mgawa maji wao, Mzee Kihwele, alisimama kwenye lango la mfereji miaka ishirini na miwili, na kila msimu alilaumiwa kwa upendeleo. Alipofariki, wakanunua lango linalojifungua lenyewe. Kijiti cha chuma huchomekwa ardhini. Udongo ukikauka, hutuma taarifa kwa mota kama simu itumavyo ujumbe, na mota hufungua lango. Wakaweka kanuni: mkono wa mtu usiliguse lango tena.

Kijiti wakakichomeka kando ya lango, palepale aliposimama marehemu. Waliona inafaa: kazi ya mgawa maji, nafasi ya mgawa maji.

Semgovano, mjane, alilima jaruba la mwisho kabisa, chini mfereji unakoishia. Siku ya tisa bila maji, ncha za majani zilikuwa njano, na vitunguu ndiyo kwanza vinaanza kuvimba. Alijaribu kuchomeka kidole ardhini, hakikuingia. Siku mbili zaidi, msimu wake ungekuwa umekwisha. Alimkuta mwenyekiti, Mdegela, langoni pamoja na wenzake.

“Mwenyekiti, kwangu kumekauka.”

“Mama, mashine inasema udongo una maji.”

“Udongo wa wapi?”

“Wa Kidoma! Mashine haina shemeji wala mjomba. Ndiyo maana tuliinunua, na wewe ulinyoosha mkono.”

“Niliunyoosha. Sijaja kuomba ufungue.”

Semgovano alijua jambo ambalo wenye majaruba ya juu hawakulijua. Kila alfajiri Mzee Kihwele alishuka mfereji mzima akikandamiza udongo kwa kisigino, na kwa Semgovano ndiko alikogeuzia kurudi. Wao walipoamka walimkuta amesharudi langoni.

Aliinama, akaking’oa kijiti. Kilitoka na tope, kwa sababu lango lilivuja.

“Unakipeleka wapi?”

“Kwangu. Kanuni imetaja lango. Kijiti haikukitaja.”

“Haya, wakili wa vitunguu!” mmoja alimkejeli. Wakacheka, lakini wakamfuata.

Kwenye jaruba lake kijiti kiligoma kuingia, akakigongomea kwa jiwe. Hawajamaliza kubishana, mota ikanguruma kule juu. Maji yalichukua karibu saa nzima kufika. Wote waliyasubiri, na hakuna aliyecheka tena. Matuta mawili yalikuwa yameshakufa. Mengine kumi na moja yalipona.

Tangu hapo kijiti kilizungushwa kila asubuhi, kikianzia jaruba la mwisho.

Mwezi uliofuata Mdegela alifungua mkutano kwa kusema, “Ndugu wakulima, nimezungumza na kamati. Hakuna mwenye shida.”

“Kamati nzima inalima juu, mwenyekiti,” akasema Semgovano. “Kijiti husema ya pale kilipochomekwa.”

Mdegela akavaa mabuti yake, akashuka kuwauliza wa chini.