Uso Uliotangulia Jina

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi na asinzie, maana hadithi hii yenyewe ilianzia usingizini.

Huko juu kwenye milima ya Taita, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi, waliishi wanawake watatu majirani. Samba alikuwa na mikono: redio iliyonyamaza miaka, akiishika, inasema. Wakesho alikuwa na macho: alijua mtandao unapita bonde gani na unazuiwa na kilima gani, ungedhani anauona. Mghoi alikuwa na subira. Msicheke. Subira nayo ni kipaji, na wengi wenu hamkupewa.

Jirani yao, Mama Mkawasi, aliota ndoto ileile kila alipofumba macho. Kitoto kinatambaa ndani ya ukungu, yeye anataka kukiita, kinywa kinakosa neno. Alikijua ni cha nani. Binti yake Mkawasi alikuwa amejifungua msichana ng'ambo, na katika ukoo wao mtoto wa kwanza hupewa jina na mama wa mamake, akishautazama uso wake. Mtoto alikuwa ameanza kutabasamu na bado anaitwa "mtoto" tu. Picha ingeweza kuja kwa barua pepe, lakini kompyuta aliyoiacha binti, Mama Mkawasi hakuwahi kuigusa ila kwa kuipangusa vumbi.

"Atakayenionyesha uso wa mjukuu wangu," aliwaambia majirani huku analia, "mtoto ataitwa jina lake."

Ulimi hauna mfupa.

Samba alifika kwanza. Akaifungua ile kompyuta, akakuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya feni. Akaibomoa taratibu kwa sindano ya kushonea magunia, akaunga nyaya zilizokatika, mpaka kioo kikawaka samawati na chumba kizima kikawa kama kimezama majini.

"Mama, imeamka."

Lakini kompyuta bila mtandao ni kabati. Wakesho akachukua kidude cha mtandao, kidogo, chenye betri yake na taa ya kijani, akazunguka nacho nyumba nzima. Kilishika mahali pamoja tu: juu ya dirisha la jikoni, linalotazama pengo kati ya vilima viwili. Akapigilia kibao, akakiweka. Taa ikatulia.

"Kikae hapahapa, Mama. Kisisogee."

Jioni kilisogea. Mama Mkawasi hakulelewa kuacha kitu cha thamani dirishani. Alikifunga ndani ya kanga yake ya harusi, akakilaza kwenye sanduku la bati pamoja na vikombe vya wageni, akapiga kufuli, akalala kwa amani. Asubuhi mtandao haukuwapo. Samba akasema kosa ni la Wakesho. Wakesho akasema ni la Samba. Nusura wavunje ujirani.

Mghoi akaja, akanywa chai yake mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Mama, vitu vyako vizuri huviweka wapi?"

Sanduku likafunguliwa. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka ndani ya kanga.

Kidude kikarudi dirishani, na Mghoi akaketi kufundisha. Mama Mkawasi alikiinua kipanya hewani, akakielekeza kwenye kioo. Mghoi akaushusha mkono wake mezani, tena na tena, bila kuguna. Wakafungua anwani ya barua pepe aliyoachiwa na binti. Mama akalitamka nenosiri lake kwa sauti, Mghoi akaziba masikio.

"Hilo usiniambie hata mimi, Mama!"

Ndipo picha ikaja, polepole, ikishuka kutoka juu: nywele, paji la uso, macho, tabasamu. Ukungu ulikuwa umejaa chumbani, na hakuna aliyefunga dirisha.

"Ndiye," Mama Mkawasi akanong'ona. "Ndiye yule wa ndotoni."

Chini ya picha binti alikuwa ameandika: Mama, anaitwa nani?

Wanawake wale watatu wakatazamana. Nawahurumia wote, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kupata mtoto wa kuitwa kwa jina lake.

"Bila mimi, angeonekana wapi?" akasema Samba.

"Bila mimi, angepita wapi?" akasema Wakesho.

Mghoi, mwenye subira, naye hakuweza kungoja. "Na bila mimi, nani angemfungulia?"

"Basi mpe yote matatu," Samba akasema.

"Mtoto wa majina matatu akiitwa hajui ageukie wapi," Mama Mkawasi akajibu. "Niliahidi jina moja."

Vidole vyake viko juu ya herufi. Ng'ambo, mama mchanga amemkumbatia mtoto mbele ya kioo, anangoja. Je, ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?